Protini ya binadamu inayofumbata kalsiamu: Chombo cha maabara, si dawa

UKIABIRI matatu kutoka Nairobi kuelekea Thika na kushuka Juja, mbele kidogo ya Ruiru, utakuwa umefika katika nchi ambayo wazee wetu waliifahamu kwa mashamba ya mkonge na kahawa. Huko ndiko iliko Kalimoni, wadi ya eneobunge la Juja katika Kaunti ya Kiambu, inayojulikana na wengi kwa misheni ya Kikatoliki na hospitali yake. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambacho maabara zake zimeigeuza sehemu hii ya barabara kuu ya Thika kuwa mojawapo ya vitovu vya utafiti wa biolojia nchini.

Katika maabara za aina hiyo, hapa na kwingineko duniani, hupatikana kichupa kidogo cha plastiki kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Ndani yake mna unga mweupe mchache mno hivi kwamba aliyekifungua kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ameuziwa kichupa kitupu. Kibandiko chake hueleza kwamba ni protini ya binadamu, ya jeni pandikizi, inayofumbata kalsiamu, na kwamba ni ya matumizi ya utafiti pekee. Maneno hayo machache yamebeba mambo mengi, na baadhi yake huwapotosha hata watu waliosoma.

Neno linalotatiza zaidi ni ‘binadamu’. Katika meza ya uhariri niliwahi kuufuta mstari wa ripota chipukizi aliyedai kuwa protini kama hii ‘hukamuliwa kutoka kwa maiti’. La hasha. Hakuna mtu aliyetolewa chochote. Kilicho cha binadamu ni maagizo tu, yaani mpangilio wa jeni unaoiambia seli iunganishe asidi amino zipi, na kwa utaratibu gani, ili protini ile ipatikane. Maagizo hayo hupandikizwa ndani ya bakteria, naye bakteria akaitengeneza protini bila kujua anamtengenezea nani. Hiyo ndiyo maana ya jeni pandikizi.

Lakini kabla ya kueleza jinsi bakteria anavyofanyishwa kazi hiyo, yafaa tuanze na kalsiamu yenyewe.

Moyo wa chura na maji ya bomba

Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 ya kiasi hicho imo katika mifupa na meno. Hiyo ndiyo kalsiamu inayotajwa katika matangazo ya maziwa. Asilimia moja iliyosalia haitajwi sana, ilhali ndiyo inayouamuru moyo udunde, msuli ukaze, neva zipashane habari na yai lililorutubishwa lianze kugawanyika.

Jambo hili liligunduliwa nusu kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kuwekwa katika mmumunyo wa chumvi. Moyo uliendelea kudunda vizuri kwa muda mrefu. Baadaye akatambua kwamba mmumunyo ule haukuwa umetengenezwa kwa maji yaliyokenekwa, bali kwa maji ya bomba ya jiji la London, ambayo yana kalsiamu kwa wingi. Alipotumia maji yaliyokenekwa, moyo ulififia na kusimama. Alipoongeza kalsiamu kidogo, ukaamka. Ringer alichapisha matokeo hayo mwaka 1883, na mmumunyo wenye jina lake ungali katika hospitali zetu hadi leo. Msomaji na akiweke kisa hiki akilini, kwa kuwa maji yale ya bomba yatatusumbua tena hapo mbele.

Karne iliyofuata ilifichua sababu. Seli huichukulia kalsiamu kama mgeni wa kuchungwa. Nje ya seli, kalsiamu huru ni takriban mara 10,000 ya ile iliyo ndani, na seli hutumia nguvu nyingi kuisukuma itoke. Sababu mojawapo ni kwamba kalsiamu ikikutana na fosfeti nyingi hugeuka mchanga, kama ukoko wa birika, na seli haiwezi kuishi ikiwa imejaa mchanga. Kwa kuwa ndani kuna kalsiamu haba, mlango mdogo ukifunguliwa kwa sekunde chache, kiwango hupanda ghafla mara kumi au zaidi. Kupanda huko ndiko ishara. Ni sawa na kupiga mbiu katika kijiji kilicho kimya. Kelele hazihitajiki kuwa kubwa ili zisikike.

Hata hivyo, mbiu bila masikio ni kazi bure. Masikio ya seli ni protini zinazofumbata kalsiamu.

Kidole gumba na kidole cha shahada

Nyoosha mkono wako wa kulia, msomaji, kisha utanue kidole gumba na kidole cha shahada huku vingine umevikunja. Umbo hilo ndilo alilolitumia Robert Kretsinger, mwanasayansi wa Marekani, kueleza alichokiona pamoja na mwenzake Nockolds walipochora umbo la protini ya msuli wa samaki aina ya kapu mwaka 1973. Vidole viwili ni misokoto miwili ya protini, ambayo katika mchoro wao ilipewa herufi E na F. Kati ya misokoto hiyo pana kitanzi, na ndani ya kitanzi chembe moja ya kalsiamu hukaa ikishikwa na atomi za oksijeni kutoka kila upande. Tangu hapo umbo hilo huitwa mkono wa EF, na limekutwa katika mamia ya protini za viumbe mbalimbali, kuanzia binadamu hadi mahindi.

Kabla ya mchoro huo, Setsuro Ebashi wa Tokyo alikuwa tayari ameonyesha katika miaka ya 1960 kwamba msuli hukaza kwa sababu protini iitwayo troponini huipokea kalsiamu. Mwaka 1970, Shiro Kakiuchi kule Osaka na Wai Yiu Cheung kule Memphis, kila mmoja kwa njia yake, walikuta katika ubongo wa wanyama kitu kinachokiamsha kimeng'enya fulani. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa kalmodulini. Kwa wanaokumbuka kwamba JKUAT ilianzishwa kwa msaada wa Japani, kuna mnasaba wa kupendeza katika majina hayo mawili ya Kijapani, ingawa hayahusiani na msaada wenyewe.

Kalmodulini ndiyo inayofaa kuwa mfano wetu, maana ndiyo maarufu zaidi katika ukoo huu. Ina asidi amino 148, na mikono minne ya EF, miwili kila upande, hivyo huweza kubeba chembe nne za kalsiamu. Isipokuwa na kalsiamu huwa imejikunja. Ikiipata, hujifungua na kufichua sehemu zake zenye asili ya mafuta, kisha hukikumbatia kimeng'enya kinachoisubiri na kukiamsha. Vimeng'enya na protini nyingine zinazoitegemea ni nyingi, na nyingi kati yake huhusika na moyo, ubongo na misuli ya mishipa ya damu.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa vichupa hawalipigii debe. Kalmodulini ya binadamu ni sawa na ya ng'ombe, ya kuku na ya chura, asidi amino kwa asidi amino, bila tofauti hata moja. Wanyama wote wenye uti wa mgongo wameihifadhi jinsi ilivyo kwa mamilioni ya miaka. Hivyo basi neno ‘binadamu’ kwenye kichupa cha kalmodulini hueleza jeni ilikonakiliwa, wala haliashirii kuwa kilichomo ni bora kuliko cha ng'ombe. Kwa protini nyingine za ukoo huu, mathalan kundi la S100, tofauti kati ya binadamu na wanyama zipo, na huko neno hilo lina uzito.

Kutoka kichinjioni hadi kwa bakteria

Kwa miaka mingi, aliyehitaji kalmodulini aliamkia kichinjioni. Ubongo wa ng'ombe una protini hii kwa wingi, na watafiti waliusaga, wakauchuja na kuisafisha kwa siku kadhaa. Kazi ilikuwa chafu, na zaidi ya hayo mtafiti hakuweza kuibadilisha protini aliyoikuta. Kama alitaka kujua asidi amino fulani ina kazi gani, hakuwa na njia ya kuiondoa.

Njia ilifunguka mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California walipoonyesha kwamba kipande cha DNA kinaweza kuunganishwa na duara dogo la DNA liitwalo plasmidi, kisha kikaingizwa ndani ya bakteria na kurudufiwa humo. Mwaka 1978 insulini ya binadamu ilitengenezwa ndani ya bakteria, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani kama dawa. Mgonjwa wa kisukari wa Thika anayejidunga insulini ya binadamu leo hutumia zao la ugunduzi huo. Hata watoto wetu hawajaachwa nje. Chanjo ya homa ya ini ya aina B, iliyoingia katika ratiba ya chanjo ya Kenya mwaka 2001 ikiwa sehemu ya sindano ya magonjwa matano, na ile ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, zote hutokana na protini zinazotengenezwa ndani ya hamira.

Nchini Kenya sayansi hii si ngeni pia kwa upande wa utafiti. Katika taasisi ya ILRAD ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo tangu 1994 ni sehemu ya ILRI, Antony Musoke na wenzake walitengeneza kwa bakteria protini ya p67 ya kimelea kinacholeta ndigana kali kwa ng'ombe. Mwaka 1992 walichapisha habari kwamba baadhi ya ng'ombe waliodungwa protini hiyo walipata kinga. Ukweli kwamba chanjo kamili ya aina hiyo haikuwafikia wafugaji haraka haufuti lililothibitishwa: kwamba protini ya jeni pandikizi yaweza kutengenezwa na kupimwa papa hapa.

Inavyotengenezwa

Tuseme mtafiti wa Juja anataka kalmodulini. Kwanza hupata jeni. Zamani aliinakili kutoka kwa seli. Siku hizi huiagiza ikiwa imeundwa kwa kemikali, na mpangilio wake ukiwa umerekebishwa ili bakteria aisome bila kukwama. Jeni hiyo huwekwa katika plasmidi pamoja na jeni nyingine inayompa bakteria uwezo wa kustahimili kiuavijasumu, kwa mfano ampisilini. Bakteria wa Escherichia coli wa aina ya maabara, ambao si wale wanaoleta ugonjwa, huchanganywa na plasmidi na kumwagwa kwenye sahani yenye kiuavijasumu hicho. Wanaosalia hai ndio walioipokea.

Bakteria hao hupandwa katika lita moja au mbili za mchuzi wa lishe, hutikiswa katika joto la nyuzi 37, na wakiisha kuwa wengi kiasi hutiliwa kemikali iitwayo IPTG. Hiyo ni amri ya kuanza kazi. Kwa saa tatu au nne zinazofuata bakteria huacha shughuli zake nyingi na kutengeneza protini ya mgeni. Kisha hukusanywa kwa mashine inayozunguka kwa kasi, hupasuliwa, na mtafiti hubaki na uji wenye maelfu ya protini, moja tu kati yake ikiwa anayoitaka.

Namna ya kuitenga ndipo utamu wa kalmodulini ulipo. Protini hii ni sugu ajabu kwa joto. Uji ule ukipashwa moto hadi karibu nyuzi 90 kwa dakika chache, protini nyingi za bakteria huganda kama yai la kuchemsha na kuzama, ilhali kalmodulini hubaki majini. Maji hayo huongezwa kalsiamu na kupitishwa katika neli iliyojazwa vijipunje vyenye asili ya mafuta. Kalmodulini iliyofumbata kalsiamu imejifungua, kwa hiyo hunata hapo huku nyingine zikipita. Baadaye hupitishwa mmumunyo wenye EGTA, kemikali inayoipokonya kalsiamu. Protini hujikunja, huachilia vijipunje na kudondoka ikiwa safi. Kwa maneno mengine, husafishwa kwa kazi ile ile inayoifanya mwilini. Sijui mbinu nyingi za maabara zenye mantiki nzuri kuliko hiyo.

Ukaguzi wa mwisho ni wa gharama ndogo. Protini hupitishwa katika jeli yenye mkondo wa umeme, sampuli moja ikiwa na kalsiamu na nyingine ikiwa na EGTA. Kalmodulini nzima iliyo na kalsiamu hukimbia mbele ya mwenzake. Mistari miwili ikilingana, protini hiyo haifumbati tena kalsiamu, hata kama kibandiko kinasema imesafishwa kwa asilimia 95.

Usafi, kwa hakika, si uzima. Protini inaweza kuwa safi kabisa na bado iwe imeharibika umbo, kama vile kufuli lisilo na kutu ambalo chemchemi yake imekatika. Mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza ilipimwaje kazi yake.

Matumizi yake

Binadamu ana jeni tatu tofauti, katika kromosomu za 14, 2 na 19, ambazo zote hutoa kalmodulini ile ile. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu aliye na hitilafu katika jeni hizo hawezi kuzaliwa hai, au kwamba nakala zilizo salama zitaifidia. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark waliripoti ukoo mmoja wa Uswidi ambao watu wake walipatwa na mapigo ya hatari ya moyo wakiwa vijana, baadhi wakafariki ghafla. Hitilafu ilikuwa asidi amino moja tu ya kalmodulini. Mwaka uliofuata wengine walieleza habari za watoto wachanga ambao moyo ulisimama mara kwa mara kwa sababu inayofanana. Ili kuthibitisha, ilibidi zitengenezwe ndani ya bakteria kalmodulini zenye hitilafu zile zile na kupimwa kando ya ile ya kawaida. Nyingine zilionekana kuishika kalsiamu kwa ulegevu mno. Hakuna ubongo wa ng'ombe ambao ungetoa jibu hilo.

Kwa nchi zetu, swali lenye uzito zaidi ni malaria. Kimelea cha malaria hutumia kalsiamu kuingia katika seli nyekundu, kutoka humo na kujiandaa kurudi kwa mbu. Kina vimeng'enya vilivyounganishwa moja kwa moja na mikono ya EF, na vimeng'enya hivyo hupatikana pia kwa mimea lakini si kwa binadamu. Mwaka 2004 ilionyeshwa, kwa kimelea cha malaria ya panya, kwamba kimoja kati yake, CDPK4, kikikosekana mbegu za kiume za kimelea haziundwi. Kwa hivyo vimeng'enya hivi ni shabaha nzuri ya dawa mpya. Lakini kimelea kina kalmodulini yake pia, inayofanana sana na yetu. Mtafiti anayetafuta kemikali ya kukizima kimelea hulazimika kuijaribu pia dhidi ya kalmodulini ya binadamu, ili dawa itakayomwondolea mgonjwa homa isije ikamsimamisha moyo. Hapo kichupa chetu hugeuka mlinzi wa mlango.

Kuna pia kazi ya vipimo. Ukoo wa S100 ulianza kuelezwa mwaka 1965, ukapewa jina hilo kwa kuwa protini za kwanza hazikuganda hata katika mmumunyo wa chumvi ya amonia uliokolea kwa asilimia 100. Leo binadamu anajulikana kuwa na zaidi ya 20. Mbili kati yake, zikiwa zimeungana, hujaa katika seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na hupimwa katika choo ili kutambua uvimbe wa matumbo. Nyingine, S100B, hupimwa katika damu ya waliogongwa kichwani. Miongozo ya nchi za Skandinavia ya mwaka 2013 iliiruhusu isaidie kuamua nani kati ya waliojeruhiwa kidogo anahitaji picha ya kompyuta ya kichwa. Anayefahamu idadi ya vijana wanaofikishwa hospitalini baada ya ajali za bodaboda ataelewa kwa nini kipimo kama hicho kinastahili kuchunguzwa Afrika Mashariki. Kila kipimo cha namna hii huhitaji protini ya kulinganishia, iliyo safi na ya kiwango kinachojulikana, nayo kwa kawaida ni ya jeni pandikizi.

Pengine msomaji atauliza kuhusu troponini, inayopimwa mtu akishukiwa kupata mshtuko wa moyo. Inayofumbata kalsiamu ni troponini C. Hiyo haipimwi, kwa kuwa ile ya moyo ni ile ile ya baadhi ya misuli ya mwili. Hupimwa wenzake, I na T, ambao wa moyo ni tofauti.

Yanayoharibu kazi

Kichupa cha protini kama hizi huwa na mikrogramu kumi, hamsini au mia moja, na bei yake yaweza kufika mamia ya dola. Kikiwa na unga mkavu huvumilia siku kadhaa njiani. Kikiwa na maji huhitaji barafu kavu, ambayo ni ya nyuzi 78 chini ya sufuri na hupotea hewani kadiri saa zinavyopita. Mzigo ukikwama uwanja wa ndege kwa sababu ya karatasi moja, barafu haingoji. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, ambaye chuo chake sitakitaja, alinisimulia alivyofungua sanduku lake akakuta maji vuguvugu, na jinsi miezi mitano ya mpango wake wa utafiti ilivyoishia hapo.

Katika friza, adui ni kuyeyuka na kuganda mara kwa mara, jambo ambalo kila aliyeishi na kukatika kwa umeme analijua. Dawa yake ni kuigawa protini katika vichupa vidogo vya kutumiwa mara moja. Kalmodulini huvumilia zaidi ya nyingi, lakini nayo ina methionini tisa ambazo huharibiwa na oksijeni polepole, na ikishaharibika hivyo huwaamsha wenzake kwa uzembe.

Sasa turudi kwa maji ya Ringer. Kalsiamu imo kila mahali: katika maji ya kisima, katika vumbi, hata katika vyombo vya kioo. Anayedhani anapima protini isiyo na kalsiamu kwa sababu hakuongeza yoyote hujidanganya, maana maji yake tayari yameiongeza. Kwa sababu hiyo watafiti hutumia vyombo vya plastiki, maji yaliyosafishwa mara mbili na EGTA ya kutosha. Maabara inayotegemea kisima na mashine chakavu ya kukeneka inaweza kupata takwimu nzuri za jambo ambalo halikutokea.

Mtego mwingine ni kupima kiasi. Protini nyingi hukadiriwa kwa mwanga wa urujuanimno ambao hufyonzwa zaidi na asidi amino iitwayo triptofani. Kalmodulini ya binadamu haina hata moja, ila tirosini mbili tu. Asiyelijua hili huona kidogo palipo na kingi.

Na mtego mbaya kuliko yote hutoka kwa bakteria mwenyewe. Ukuta wake una sumu ambayo seli za kinga za binadamu huitambua hata ikiwa chembe chache. Protini ya S100 iliyotengenezwa ndani ya bakteria na kusafishwa nusu nusu ikimwagiwa seli nyeupe, seli hizo zitawaka kwa ghadhabu, na mtafiti ataandika kwamba S100 ndiyo iliyoziwasha. Dai la namna hiyo huhitaji ushahidi kwamba sumu iliondolewa, na mhakiki makini huuliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

Kuitengeneza nyumbani

Fikiria hesabu hii. Lita moja ya mchuzi wa bakteria, kazi ikienda vizuri, hutoa makumi ya miligramu za kalmodulini. Tuchukue 20 tu. Hizo ni mikrogramu 20,000, yaani sawa na vichupa 200 vya mikrogramu mia moja. Mahitaji ni plasmidi ambayo ikishapatikana hurudufiwa bila mwisho, mchuzi wa lishe, kemikali chache na watu waliofunzwa.

Watu hao wapo. Ardhi ya chuo cha Juja, hektari 200, ilitolewa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1978. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1981, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Kina taasisi ya utafiti wa bioteknolojia, na tangu 2012 ni mwenyeji wa taasisi ya sayansi za msingi, teknolojia na uvumbuzi ya Chuo Kikuu cha Afrika, ambako vijana kutoka pande zote za bara husomea biolojia ya molekuli. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyeitengeneza protini yake mwenyewe na kuiona ikikimbia katika jeli ataielewa kuliko aliyeifungua kutoka kwenye kichupa cha ng'ambo. Si kila protini inafaa kutengenezwa hivyo. Nyingine huhitaji sukari ambazo bakteria hawezi kuziweka, na nyingine hujikunja vibaya zikawa madonge. Kalmodulini na ukoo wa S100 ni wepesi, na yafaa kuanza na jepesi.

Sheria inaruhusu, kwa masharti. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia viumbe waliobadilishwa jeni, na kanuni za mwaka 2011 huhusu kazi inayofanyiwa ndani ya maabara iliyofungwa. Mtafiti huomba idhini, hueleza kiumbe na jeni anayoitumia, na huonyesha jinsi atakavyozuia bakteria wake wasitoke. Kazi ikiisha, mchuzi uliobaki, sahani na glavu huingizwa katika chungu cha mvuke chenye shinikizo, kwa nyuzi 121, kabla ya kutupwa. Plasmidi huhifadhiwa kwenye friza ikiwa na tarehe na jina la aliyeitengeneza.